Kamba Iliyofunga Sanduku

Ngamiani, Tanga
12 Novemba 2024

Kwa kaka yangu Idarusi,

Assalaamu alaykum. Natumai wewe na wifi yangu Khadija hamjambo, na huo mguu umeanza kuelewana na baridi ya Mafinga. Huku sisi wazima. Presha ya mama inapanda na kushuka itakavyo: ikipanda anasema ni kwa sababu yako, ikishuka anasema ni dua zake. Maharage aliyotuletea Khadija tumeyala mpaka jirani zetu wakaona wivu, mwambie Mungu amzidishie.

Utashangaa kukuta barua ndani ya sanduku la msumeno wakati simu ipo. Namba yako nimeifungia, kaka, na nimeifungia kwa makusudi. Mara ya mwisho ulipiga kelele mpaka wauza viatu wa hapo nje wakageuka kunitazama, na mimi nikakujibu kwa maneno ambayo mdogo hamjibu mkubwa wake. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza na mimi siwezi kukutukana bila kwanza kutafuta kalamu. Kwa hiyo andika, uweke kwenye mzigo, basi litaleta.

Huu ndio msumeno mkubwa. Unawaka vizuri, lakini ukiugusisha tu kwenye gogo unazimika. Nimebadilisha plagi, nimesafisha chujio la hewa, nimeutia mafuta mchanganyiko kwa kipimo kile kile cha baba, bado. Wewe uko kwenye mji wa wapasua mbao, utaujulia. Nauhitaji kabla ya Idi. Kamati ya madrasa ya Kigombe imetupa kazi ya kuushusha ule mkuyu wao. Mizizi imeoza upande wa barabarani na shina limelalia paa ambalo watoto wanasomea chini yake. Matawi nitayamaliza kwa msumeno mdogo, lakini shina lile hata wewe unalijua.

Sasa jambo lenyewe. Umesema nimfukuze Asheri. Asheri hafukuzwi. Tangu uanguke, yeye ndiye anayepanda na mimi ndiye ninayeshika kamba chini, na hakuna mteja aliyelalamika. Unasema aliuweka msumeno wa moto juu ya kamba yako, kamba ikaungua, ukaanguka. Ulilisema hilo hospitalini mbele ya watu, mpaka mzee wake, Mzee Noa, akatoka Muheza na uzee wake akaja kumpigia mama magoti. Asheri alisimama pale hakusema ndiyo wala siyo. Mimi nilikuwa nikilipa wenye guta la kubebea magogo nje ya geti, sikuona. Na wewe ulikuwa juu, kaka, hukuona.

Mama naye yuko upande wako. Asheri akija asubuhi, chai yake inaachwa barazani, ndani haingii. Na vile vifaa mama havifukizi tena kwa ubani kama alivyokuwa akivifukiza vyako na vya marehemu baba. Anasema hamfukizii kamba mtu aliyemwangusha mwanawe. Asheri anachukua kamba yake bila ubani na anapanda hivyo hivyo.

Sanduku analifunga yeye. Analifunga kwa ile kamba yako iliyokatika, ilikuwa inazagaa stoo na hakuna aliyethubutu kuitupa.

Mdogo wako,
Najat


Mafinga
30 Novemba 2024

Kwa Najat,

Waalaykum salaam. Mzigo umefika. Sisi wazima, ila baridi ya huku si ya kumpa mtu wa Tanga. Khadija ananicheka, ananiambia natembea kama bata mwenye koti. Kaka yake amenipa kona kwenye karakana yake, watu wa mbao wananiletea misumeno tangu alfajiri, na gongo langu nimelizoea. Mama mpe mikono yangu, shikamoo yangu nyingi, umwambie dawa ya presha ni kila siku na siyo siku anayojisikia vibaya.

Msumeno wako nimeufungua. Kabureta imejaa uchafu, na huo utakuwa unatoka kwenye dumu lako la mafuta. Je, dumu unalisuza? Halafu upepo wa chumvi umekula skrubu za upande wa mnyororo, mbili zimevunjikia ndani, na meno umeyapiga tupa upande mmoja kuliko mwingine ndiyo maana ulikuwa unakata kombo. Najat, msumeno ni wa kufutwa kila jioni. Kila jioni, hata kama umechoka, hata kama mvua inanyesha. Baba alikuwa halali kabla hajafuta chuma.

Vyote hivyo navitengeneza. Lakini msumeno hautoki hapa mpaka uniambie Asheri ameondoka.

Usiniambie sikuona. Nilikuwa juu ya mti wa mkungu pale Raskazone, nimeining'iniza roho yangu kwenye kamba ile, na chini yangu alikuwa mtu mmoja tu. Nilisikia kamba inalia mara moja, kisha nikaona ardhi. Waliponiletea ncha ya kamba kitandani ilikuwa ngumu na imeng'aa, na kitu gani cha moto kilikuwa chini ya mti ule kama si msumeno aliokuwa nao yeye? Mtu asiye na hatia husema sina hatia. Yeye alinyamaza. Mimi kila nikiinuka kitandani nausikia huo unyamavu wake kwenye nyonga.

Na wewe ndiye unayeshika kamba yake. Siku akikosea tena, litaanguka tawi, na atakayekuwa chini ni wewe. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kama unataka ukweli.

Hiyo kamba aliyofungia sanduku sikutaka hata kuigusa. Nimekata fundo kwa kisu nikaitupa chini ya meza. Ana moyo gani wa kuniletea kitu hicho?

Kaka yako,
Idarusi


Ngamiani
20 Desemba 2024

Kaka Idarusi,

Salamu. Mama hajambo, dawa anameza nikiwa nimemsimamia.

Kumbe msumeno wa baba umekuwa mateka. Vizuri. Kaa nao. Mkuyu nitaukata kwa msumeno mdogo, kipande kwa kipande kama mtu anayekula muwa, na ukiniangukia utakuja kunizika na msumeno wako mkubwa mkononi. Nimekasirika na sitaki kuficha.

Dumu nalisuza.

Asheri aliniuliza kama mzigo ulifika salama. Nikamwambia umefika. Akauliza, na kamba? Nikamwambia kamba gani tena, Asheri, ile ni takataka. Akasema basi, akaenda kufunga vitu kwenye guta.

Najat


Mafinga
2 Februari 2025

Mdogo wangu Najat,

Assalaamu alaykum warahmatullah. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Kulikuwa na kazi nyingi, na siku nyingine nilikuwa nakaa na karatasi mbele yangu na kalamu haiendi. Khadija anawasalimu. Mvua za huku hazina adabu, zinakuja bila kupiga hodi.

Msumeno huu hapa. Nimeutia kabureta mpya, skrubu mpya, na mnyororo nimeunoa mwenyewe. Ukifika, uache unywe oili kidogo kabla hujauingiza kwenye gogo. Nimekuwekea na tupa mbili. Hesabu mapigo, yawe sawa kila jino, kushoto kama kulia.

Sina sharti lolote. Kata mkuyu wako.

Nina swali dogo tu. Mama ameshaacha kabisa kufukiza vifaa vya kazi, au ni vile vya Asheri tu ambavyo havifukizi? Na ile kamba mnayotumia sasa inalala wapi, stoo au ndani kwa mama? Nijibu hilo bila kumuuliza yeye.

Msalimie Asheri.

Kaka yako,
Idarusi


Ngamiani
10 Machi 2025

Kaka yangu,

Waalaykum salaam, na Ramadhani karimu. Huku jua ni lile lile, ila watu wamekuwa wapole kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, baada ya hapo usimguse mtu. Mama anafunga ingawa daktari alimkataza, nimeshindwa naye. Futari yetu unaijua, muhogo wa nazi na samaki, na kila siku anakutaja wewe kwenye tonge la kwanza.

Msumeno unaunguruma kama siku aliyoununua baba. Asante. Lakini mimi nakujua, Idarusi. Mtu aliyeapa msumeno hautoki, ghafla hana sharti, na tena anamsalimia Asheri. Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta ulichoficha. Kuna nini? Je, unaumwa? Kama umepata habari fulani niambie, usinipe maswali ya mafumbo kuhusu ubani.

Hata hivyo swali lako nakujibu, na jibu lake litakufurahisha. Salamu yako kwa Asheri niliisoma kwa sauti mbele ya mama. Akaniomba niirudie. Kisha akasema, "Kama mwenye mguu amesamehe, mimi nina nini cha kushikilia?" Kesho yake asubuhi chai ya Asheri ilimkuta mezani, ndani. Maskini Asheri alisimama mlangoni hajui aingie na viatu au avivue. Mkewe Ritha akatuletea machungwa ya Muheza, mama akampa kanga. Mimi nilikwenda jikoni nikalia.

Tangu Ijumaa ya kwanza ya mwezi mtukufu mama amekichukua tena chetezo. Ile kamba mpya ya Asheri ameiingiza chumbani kwake. Anaikunja juu ya kile kitenga chake cha kufukizia nguo, chini yake makaa na ubani, anakaa nayo anasoma mpaka moshi uishe. Anasema safari hii atafukiza kila Ijumaa ya Ramadhani, kwa sababu mkuyu wa Kigombe una wenyewe na watu wanauogopa, na kwa sababu Asheri anamdai ubani wa muda mrefu. Na siku ya kazi atakuja Kigombe mwenyewe na chetezo chake. Kazi tumeipanga baada ya funga ya sita inayofuata Idi, watoto wakiwa bado hawajarudi madrasa.

Nyumba imekuwa na amani, kaka. Sikujua jinsi nilivyokuwa nimechoka mpaka amani iliporudi. Mungu akulipe kwa neno lako moja.

Mdogo wako,
Najat


Mafinga
27 Machi 2025

Najat,

Salaam. Barua yako ililala kwenye stendi ya Msamvu, nimeipata jana. Leo sina habari za nyumbani za kukupa.

Asheri asipande na kamba hiyo. Nimekupigia, namba yangu bado umeifungia. Khadija amekupigia kwa simu yake, akapokea mama, Khadija akaishia kumsalimia na kumuuliza futari, akakata. Tukakutumia ujumbe kwamba Asheri asipande mkuyu mpaka barua yangu ifike. Ukajibu, "Mwambie atafute wimbo mwingine." Sikulaumu. Wimbo huo niliuimba mimi mwaka mzima. Na kukuandikia sababu kwenye simu ambayo mama ndiye anayeishika kutwa kusikiliza mawaidha, mkono ulinigoma. Kwa kuwa kazi ni baada ya sita, naamini basi litawahi.

Nikueleze. Ile kamba niliitupa chini ya meza ya karakana. Mwezi wa kwanza nilihitaji kamba ya kufungia injini, nikaiokota. Ilipopita mkononi niliona imekuwa ngumu mahali fulani. Nikajiambia ndiyo pale msumeno ulipoiunguza. Nikavuta mbele, nikakuta pengine pagumu. Nikavuta tena, tena. Najat, kamba ile imekauka kila baada ya pima moja, mwanzo hadi mwisho, na kila mahali ni upande mmoja tu. Nikaikunja kama inavyokunjwa nyumbani, na sehemu zote ngumu zikaangukia mahali pamoja, chini ya mkunjo. Msumeno wa moto unaunguza mahali pamoja. Hauunguzi kamba nzima kwa vipimo.

Nikainusa. Baada ya kukaa stoo na kusafiri kwenye sanduku la petroli, bado ina harufu ya ubani.

Baba alipanda maisha yake yote kwa kamba ya katani, na mama alimfukizia kila kazi kubwa. Katani haijali makaa, inachukua moshi tu. Mimi ndiye niliyeleta hizi kamba za nailoni kwa sababu ni nyepesi, na mama akazifukiza kama alivyofundishwa na mama yake. Nailoni ikikaa juu ya makaa inayeyuka polepole ndani kwa ndani, na juu huoni kitu ila mng'ao kidogo. Hakuna aliyewaza.

Sasa unajua kwa nini kalamu yangu haikwenda. Ningesema nini? Mama anajua ubani wake ndio ulionirudishia uhai baada ya kuanguka. Nikimwambia ubani ndio ulioniangusha, presha ile itamchukua, na mimi nitakuwa nimemuua mama kwa kusema kweli. Nikaona bora ninyamaze, niachie msumeno, nimtumie Asheri salamu, jambo life lenyewe. Kumbe salamu ile ndiyo imemrudisha mama kwenye chetezo. Kila Ijumaa anaikaanga kamba ya yule mtu kwa mapenzi, na mimi nipo huku nachonga meno ya misumeno. Naogopa, Najat. Sijawahi kuogopa hivi, hata nilipokuwa naanguka.

Ndani ya mzigo huu kuna kamba mpya. Ile nyingine itoe bila mama kujua, sema panya wameitafuna. Mama asijue, nakuomba. Mpe Asheri hii.

Kaka yako,
Idarusi


Ngamiani
9 Aprili 2025

Kaka Idarusi,

Assalaamu alaykum, na Idi njema iliyopita. Tupo wazima wote, nakuandikia hilo mwanzo ili upumue. Rudia kulisoma: wote.

Mzigo wako nimeupata jana kwenye ofisi ya basi. Kazi ya Kigombe ilikuwa imekwisha Alhamisi iliyopita.

Masika yalianza na upepo, na siku ya Idi pili kamati wakanipigia kwamba mkuyu umeinama zaidi, ukuta wa madrasa umepasuka. Hatukuweza kungoja sita. Alhamisi asubuhi tulifika na guta, misumeno yote miwili, na mama mbele kama bibi harusi, chetezo mkononi na kamba kwenye mkoba wake. Wanakijiji walikuwa wamejaa kutazama nani atakayethubutu.

Mama akamkabidhi Asheri kamba. Akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Kisha akafanya kile anachofanya siku zote, akaipitisha kamba kiganjani kidogo kidogo kutoka ncha hadi ncha. Nilimwona anasimama mahali, anaendelea, anasimama tena. Akaikunja vizuri, akaiweka kwenye guta, akatoa kamba nyingine kwenye kiroba chake, mpya, sijawahi kuiona. Mimi ujumbe wako ulikuwa bado unanichoma kichwani, na nikaona sasa huyu naye anamwaibisha mama mbele ya Kigombe nzima.

Mama akaona kamba ya pili. Uso ukamshuka, kisha akajikaza, akasema basi na hii aifukize, haina neno. Akachochea makaa na kunyoosha mkono aichukue. Asheri akairudisha nyuma yake. Mimi nilikuwa tayari kumtukana.

Akasema, "Mama, kamba iache. Nifukize mimi."

Akavua kofia. Akasogea juu ya chetezo, akashika pindo la shati lake akalitanua, kama tunavyofanya na nguo za sikukuu, moshi ukamwingia kifuani na mikononi. Mkristo wa watu, mwana wa Mzee Noa. Mama akamzungushia chetezo, akamsomea yote aliyokuwa akitusomea sisi, mgongoni, kichwani, hadi kwenye viatu. Kisha Asheri akapanda. Nilishika kamba yake mpaka jua likawa kichwani, tawi kwa tawi, na msumeno wako mkubwa ukamaliza shina bila kuzima hata mara moja. Paa la madrasa halikuguswa.

Jana nilisoma barua yako nimesimama pale kituoni. Nikaenda moja kwa moja kwa Asheri. Nikamuuliza alijua lini. Akasema siku ile ile, alipoikunja kamba yako chini ya mkungu na kuinusa. Nikamuuliza kwa nini alimwacha mzee wake apige magoti kwa kosa lisilo lake. Akasema, "Dada Najat, mwenzangu yuko kitandani amevunjika, mama yake yuko pembeni anamlilia. Ningemwambia ni yeye?" Na ndiyo maana alikufungia sanduku kwa kamba ile. Alijua wewe ukiishika tu utajua, na akaona ni haki yako kuchagua kusema au kutosema. Alingoja jibu lako tangu Novemba, kaka. Salamu yako ilipofika alidhani ndilo jibu. Halafu mama akaanza kufukiza, naye Asheri akaenda akanunua kamba yake nyingine kimya kimya na kuificha kwake.

Ulitaka mama asijue. Nilirudi nyumbani nimejipanga kusema uongo wako wa panya. Nikamkuta uani, chetezo mbele yake, ile kamba ya Ramadhani mapajani. Alikuwa amekata kipande na kukiweka juu ya kitenga. Kilikuwa kimeng'aa na kukakamaa kama sukari guru. Tangu Kigombe, ananiambia, alikuwa hapati usingizi kwa neno moja: kwa nini mtu anayejitoa yeye afukizwe aseme kamba iache. Kwa hiyo akaamua kuitazama kamba badala ya kuisomea. Akaniuliza ile ya zamani iko wapi. Nikamwambia iko kwako. Akauliza, "Idarusi anajua?" Sikujibu, na kwa mama kutojibu ni kujibu.

Hakuanguka, presha haikumchukua. Alilia sana, usiku hakula, na asubuhi aliniita niandike maneno yake kama atakavyoyasema. Haya hapa.

"Mwanangu Idarusi. Kamba nimeiona. Mguu wako ni mkono wangu uliouvunja, na hilo nitalibeba mimi, siyo mtu mwingine. Lakini usinihurumie tena kwa kumbebesha mtoto wa mwenzangu. Mzee Noa alinipigia magoti hapa nyumbani kwangu na mimi nikamwangalia. Njoo. Tutakwenda Muheza, wewe na mimi, mpaka kwake, majirani zake wakiwapo. Mimi nitatangulia kusema, kwa sababu moto ulikuwa wangu. Wewe utafuata."

Namba yako nimeifungua. Ila usipige, kaka, panda basi. Amekwisha fungasha, kanga mbili na dawa zake, na mkoba uko mlangoni tangu asubuhi. Kila basi likipiga honi barabarani anainuka.

Mdogo wako,
Najat